Mstari Mmoja Uliomuua Kaka Yangu

Nina miaka thelathini na minne, sina mke, na nyumbani kwetu Machame sikanyagi. Wasomaji wenzangu, nisomeni hadi mwisho ndipo mnihukumu.

Nilikuwa fundi wa kompyuta na mpiga video za harusi, Majengo, Moshi. Video zilipojaa, niliunganisha diski sita zikawa moja kubwa. Balaa lilianzia hapo. Programu ya kupanga mafaili ilikuwa ya zamani, namba zake zina kikomo. Diski ikizidi kikomo hicho, hesabu inarudi sifuri, na programu inaandika juu ya vitu vya mwanzo.

Nikajitia mjuaji, nikapanua zile namba mwenyewe. Ukabaki mstari mmoja wa programu wenye namba za zamani, kwenye sehemu inayomalizia kazi iliyokatizwa na umeme. Niliuona... nikasema nitaurekebisha kesho. Kesho gani?

Cha kwanza kabisa kwenye diski ile kilikuwa video ya marehemu baba akigawa kihamba chetu, shamba la kahawa na migomba, kati ya kaka yangu Anaeli na mdogo wetu Elirehema. Kanda yake ya awali nilisharekodia harusi ya watu, nakala nyingine haikuwepo.

Wiki ya kikao cha ukoo, ambapo video hiyo ingeonyeshwa kumaliza ubishi wa mpaka, umeme ulikatika nikiwa kazini. Uliporudi, programu ikamalizia kazi yake juu ya video ya baba. Haikufunguka tena.

Nilijua kosa ni langu. Kikaoni nikasema, "Imefutwa. Sijui nani kaifuta."

Anaeli akamgeukia mdogo wetu. "Ni wewe, bwana. Umemtuma mtu." Elirehema akamwita mwizi. Anaeli akaenda mpakani, akaanza kung'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, aliyoyapanda baba kwa mkono wake. Elirehema akanyakua panga la kukatia majani ya ng'ombe. Pigo la kwanza lilitua begani, la pili shingoni... Damu ilinirukia usoni, na bado sikufungua mdomo!

Mama alipiga magoti akikandamiza jeraha kwa kitenge. Anaeli alikata roho mikononi mwake.

Baada ya mazishi nilisema ukweli. Wajomba walinipiga kwa magongo hadi mkono ukavunjika, wala sikujikinga. Mama hakunigusa. Aliniuliza tu, "Ungesema pale pale, ungepungukiwa nini?"

Elirehema yuko gerezani. Hataki kuniona, na simlaumu.

Mafundi wenzangu, nawasihi, kazi mliyoiona ina kasoro msiiache hivyo. Na mkiharibu, semeni siku ile ile, mbele ya watu wote. Mama sikumjibu, lakini jibu ninalo. Niliogopa kuchekwa.