Mlio Uliozidi Injini Ikipata Moto

Mlio ulipobadilika, mshonaji ndiye aliyeusikia kwanza, na hakusema kitu.

Walikuwa katikati ya tambarare ya chumvi, nchi nyeupe isiyo na mti wala kibanda, wakifuata alama za matairi ya malori. Usukani aliushika shemeji yake, ambaye watu walimwita Kondakta kwa kazi aliyoifanya ujana wake wote. Nyuma, kati ya magodoro na sufuria, alikaa mama mkwe. Walikuwa wamemfuata kwake, alikokuwa akiishi peke yake, ili akakae na mshonaji mjini.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu mume wa mshonaji. Lilikuwa kuukuu, na lilikuwa na mlio wake: ko-ko-ko, mwepesi, kama mtu anayegonga meza kwa kucha. Kila jioni mshonaji aliusikia langoni kabla hajaona taa. Baada ya mazishi, fundi wa mtaani alijitolea kurekebisha valvu iliyotoa mlio huo, mshonaji akamkatalia. Kila asubuhi aliliwasha uani, akakaa ndani, akasikiliza, akalizima. Boneti hakuifungua mtu tena, hata kwa kupima oili.

"Linagonga," alisema Kondakta.

"Limekuwa likigonga siku zote, shemeji."

"Haya. Wenye gari mnalijua."

Asubuhi hiyo ya safari, walipokuwa wakiteremkia tambarare, jiwe lilikuwa limewapiga chini. Walitazama matairi, wakaendelea. Sasa jua lilikuwa utosini na injini ikagonga kwa nguvu zaidi. Kondakta akasimama, akasema joto limezidi, akachukua dumu la maji ya kunywa, akainua boneti, akafungua kifuniko cha rejeta kwa pupa. Mvuke ukaruka. Akapiga yowe, akaanguka chini akiushika mkono wa kulia.

"Wewe mtoto!" mama mkwe alipaza sauti kutoka ndani. "Sufuria inachemka, nawe unaifungua kwa mkono mtupu?"

Mshonaji alichana kanga, akailowesha kidogo, akamfunga. Mvuke ulipotulia walimimina maji kwenye rejeta, na dumu likabaki na maji ya kufunika kitako tu. Wakawasha. Mlio ulikuwa palepale.

"Basi ni nati za gurudumu," alisema Kondakta.

"Gari limesimama, shemeji. Gurudumu litagongaje?"

Kondakta akaingia, akakanyaga mafuta kidogo. Mlio ukaja mzito, go, go, go, hadi sakafu ikatetemeka. Hapo mshonaji akatambua. Mlio wa mumewe ulikuwa mkali asubuhi gari likiwa baridi, na likipata moto ulipungua. Huu ulikuwa ukizidi kadiri injini inavyochemka.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima, huu si wake!"

Injini ikazimwa. Kondakta alimtazama.

"Tangu lini umeujua?"

"Kabla hujausikia wewe. Nilitaka uwe ule ule."

Hakumlaumu. Alirudi kwenye boneti, na kwa mkono wa kushoto akavuta kijiti cha kupimia oili, akakiinua kwenye mwanga. Ncha tu ndiyo iliyokuwa na unyevu. Mshonaji akageuka kutazama walikotoka. Juu ya ile chumvi nyeupe, kati ya alama zao wenyewe, ulinyooka mstari mweusi wa oili hadi macho yalipokoma.

Wakangoja injini ipoe. Mama mkwe walimshusha, wakamlaza kwenye kivuli cha gari. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na alipojaribu kuketi kichwa kilimzunguka.

"Mpeni mwenye mkono maji," alisema.

"Kunywa, Mama. Kilichoungua ni mkono, si koo," alijibu Kondakta, na akasukuma kikombe kwake.

Kwa kuwa mkono wa shemeji haukufaa, mshonaji ndiye aliyejilaza chali na kujivuta chini ya injini. Chumvi ilimkwaruza mabega. Aliikuta boliti ya kumwagia oili imelegea, imepinda kidogo upande jiwe lilipoipiga, ikidondosha tone baada ya tone.

"Ifungue polepole, uitazame meno," Kondakta alimwelekeza, shavu lake likiwa ardhini. "Yamekwisha?"

"Baadhi. Nipe uzi kwenye mkoba wangu. Na sabuni."

Alizungushia boliti uzi wa cherehani, tabaka juu ya tabaka, akausugulia sabuni, kisha akaikaza kwa spana hadi ikagoma kuzunguka.

"Tumeziba tundu," alisema Kondakta. "Oili tutaitoa wapi?"

Kutoka kwenye kivuli, mama mkwe akakohoa.

"Kuna dumu la mafuta ya kupikia chini ya godoro. Nililificha. Sikutaka niingie kwa mkwe wangu mikono mitupu."

"Mama, unaficha mafuta humu kama magendo?"

"Ungeyaona, ungeyauza njiani. Mimi nimekuzaa, nakujua."

Wakayamimina yote kwenye injini. Mshonaji akachukua mwiko wa mama mkwe, akaweka ncha moja kwenye ubavu wa injini na nyingine sikioni, na Kondakta akawasha. Kupitia ule mti injini ilizungumza naye waziwazi. Kondakta alishuka, akafunga kitambaa kikavu mkononi, akachomoa waya wa plagi ya kwanza, akaurudisha. Go, go, go. Wa pili, hivyo hivyo. Alipochomoa wa tatu, pigo likalegea, likawa kama mtu aliyechoka kugonga mlango.

"Hapo!"

"Beringi ya pistoni ya tatu," alisema Kondakta. "Imekaukiwa oili. Tuuache waya nje, isibebe mzigo. Na tusikimbie."

Jua lilikuwa limezama, na gizani wangeweza kutumbukia kwenye tope lililojificha chini ya chumvi. Wakalala pale. Kabla ya kulala, mshonaji aliloweka kitambaa katika maji ya mwisho, akamkamulia mama mkwe midomoni.

Mwanga wa kwanza ukawakuta njiani. Upepo wa usiku ulikuwa umefuta alama za matairi, basi wakaliweka jua shavu la kulia na kwenda hivyo, kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka. Gari lilikohoa na kutetema. Harufu ya kukaanga ikajaa ndani.

"Mnapika nini huko mbele?" mama mkwe aliuliza kwa sauti nyembamba.

Baadaye hakuuliza kitu. Mshonaji alihamia nyuma, akakilaza kile kichwa mapajani, akamkinga jua kwa shuka. Alisikiliza vitu viwili: injini na pumzi. Kila pumzi ilipochelewa, alimwita, "Mama," na kila mara alijibiwa kwa kubanwa kidole.

"Tangi!" Kondakta akapiga kelele. "Shemeji, tangi la maji!"

Lilisimama juu ya miguu ya chuma, na chini yake palikuwa na nyumba ya pampu na lori la mafundi wa bomba. Watu wakaja mbio. Mama mkwe alinyweshwa kijiko kwa kijiko, hadi akamnyang'anya kikombe aliyekishika.

"Mimi si kifaranga," alisema. Kondakta akacheka hadi akalia.

Mchana, fundi mmoja wa lile lori aliinama kwenye injini, akanusa, akatikisa kichwa.

"Mmefika kwa hili? Lazima nifungue yote. Na kuna valvu inayogonga, hiyo ni ya zamani. Niiache?"

Kondakta alimtazama mshonaji, kisha akatazama kwingine. Mama mkwe, kwenye kiti kivulini, akashusha kikombe.

Mshonaji aliukunja mkono wa gauni lake hadi kiwikoni.

"Usiiache," alisema. "Nionyeshe pa kuanzia. Spana nitashika mwenyewe."