Kikohozi Ndani ya Simu

Rafiki yangu, muuguzi, alikuwa ugenini kwa semina, amechoka hoi. Hata hivyo alikwenda kumwona jukwaani mkongwe wa muziki wa roki aliyependwa na baba yake, kwani baba mwenyewe, kule nyumbani, hakuweza tena kuinuka kitandani.

"Nirekodie, Bibi Mdogo," baba alikuwa amemsihi. Ni yeye peke yake aliyemwita hivyo.

Ukumbi ukawa giza totoro. Gitaa likalia, sauti ya mkongwe ikakwaruza, na muuguzi akasinzia, simu mkononi ikirekodi.

Aliporudi nyumbani, yeye na baba walisikiliza rekodi hiyo pamoja. Wimbo ulipokwisha, mtu akakohoa ndani ya simu, karibu kabisa, kikohozi kile kile cha baba.

"Ulikaa na nani?" baba akauliza.

Kabla hajajibu, simu ikanong'ona: "Bibi Mdogo, amka. Nimechoka, twende."