Pua Haikujua Karafuu

Merianga, ile meli ya angani, ilikuwa imeshaachia kamba zake, na mapaa ya Tanga yalikuwa yanazidi kuwa madogo, Mzee Mbaruku Hoza alipouliza kama huko juu kuna choo.

"Kipo, babu," alijibu mhandisi Tunu Kilua. "Tena hakina foleni."

"Basi twende."

Walikuwa wameshaenda. Puto lenye urefu wa viwanja viwili vya mpira lilipanda polepole, limebeba chumba kimoja cha upasuaji, vitanda vinne na watu sita. Sababu ya kupasulia watu angani si ngumu kueleza. Miaka ile bakteria wa hospitalini walikuwa sugu kwa karibu kila dawa, na walikuwa wamehamia kwenye kuta, mabomba na mashuka. Mtu alipasuliwa moyo vizuri, akashonwa vizuri, kisha wiki ya tatu akafa kwa usaha. Ndipo wahandisi wakasema, kama nyumba imeoza, tuhame. Ndani ya merianga hewa ilichujwa mara mia kwa saa, na hakuna aliyepanda bila kupita mbele ya Pua.

Pua ilikuwa kazi ya Tunu. Jina lake rasmi ni kinusavijidudu: bomba fupi linalonusa pumzi na jasho la mtu, likataja kila bakteria aliyejificha mwilini. Kwa miaka minne haikuwahi kukutwa na kosa. Asubuhi hiyo ilimnusa Mzee Hoza ikaandika: SAFI.

Mzee Hoza alikuwa mpiga tarumbeta wa harusi kutoka Muheza, mwenye miaka sitini na moja. Mshipa wake mkuu unaotoa damu moyoni, ule madaktari wanaouita aota, ulikuwa umevimba kama tyubu ya baiskeli penye udhaifu. Ukipasuka, hakuna wa kumuwahi. Roboti aliyeitwa Mshonaji, mwenye mikono minane myembamba, angekata kipande kibovu na kushona mshipa wa bandia mahali pake. Tatizo ni kwamba mshipa wa bandia hauna uhai. Bakteria wakishatua juu yake, mwili hauwezi kuwafukuza.

Bi. Chausiku, mtaalamu wa usingizi, alimwambia mgonjwa afungue kinywa aangalie koo. Akanusa.

"Fungua tena, kaka. Tunu, njoo unuse."

"Pua imeshanusa."

"Nataka unuse wewe."

Tunu akainama. "Karafuu. Sasa kuna ubaya gani?"

"Mtu mwenye karafuu mdomoni saa mbili asubuhi, na pilau hajapika, ana jino bovu. Kwenu hamkuumwa meno?"

"Kwetu tulikuwa na daktari wa meno."

"Ndiyo maana."

Akachukua kijiko, akagonga kwa mpini jino la mbele la juu. Machozi yalimtoka Mzee Hoza.

"Tangu lini?" aliuliza Bi. Chausiku.

"Tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi."

"Na hukusema."

"Ningesema mngeling'oa. Tarumbeta inakaa hapo hapo, dada. Nikipuliza na pengo, bibi harusi atadhani kuku wake wanaibwa. Huo mshipa wenu sijauona wala hauniumi. Tarumbeta naijua."

Tunu alisimama na mikono imening'inia. Pua ilifundishwa harufu elfu tisa, na ya mafuta ya karafuu haikuwemo. Yalikuwa yamefunika kila kitu. Tena zamani kila mgonjwa wa moyo alipigwa picha ya meno kwanza. Utaratibu huo ulifutwa Pua ilipoanza kazi, na aliyeandika barua ya kuufuta ni yeye Tunu.

Daktari Mnkande, aliyemsimamia Mshonaji, aliitwa. Alisikiliza, akavuta kiti.

"Mzee, nikikupasua na jino hilo, usaha utakwenda kwenye mshipa mpya. Tukiling'oa, inabidi tusubiri siku kumi, na mshipa unaweza kupasuka tukiwa tunasubiri."

"Na nikikataa kung'olewa?"

"Tunakushusha. Utapiga harusi moja, au thelathini. Sijui."

"Daktari mzima hujui?"

"Sijui, mzee wangu."

Mzee Hoza aligeukia dirisha. Chini hapakuonekana mji tena, mawingu tu.

"Pua ilikosea," alisema Tunu. "Niliyeitengeneza ni mimi, babu."

"Wewe usijisumbue. Karafuu nilikuwa natia tatu tatu. Ningetia moja ingenikamata." Akalaza kichwa. "Haya, ling'oeni. Wewe mwenye Pua njoo unishike mkono."

Jino lilitoka na usaha wa kujaa kijiko. Kwa siku kumi walimshusha presha kwa dawa, wakamkataza kukohoa, kujikamua chooni na kucheka. Kucheka ndiko kulikuwa kugumu. Kila alipoanza visa vya harusi, Bi. Chausiku alitoka chumbani, maana yeye akicheka mzee naye hucheka. Siku ya saba kifua kilimbana, na Tunu, Bi. Chausiku na daktari walikaa naye mpaka kikaachia. Siku ya kumi na moja Mshonaji alifanya kazi saa tano.

Mshipa ulishika. Mzee Hoza alitiwa jino la bandia, akajaribu tarumbeta mara mbili, akaiacha. Alihamia kwenye ngoma, na wenzake walilalamika kuwa anapiga kwa nguvu mno.

Tunu aliandika barua nyingine ya kurudisha ukaguzi wa meno. Ilijibiwa baada ya miezi saba. Wagonjwa mia mbili na kumi waliokuwa wamepita kwa Pua peke yake walitafutwa mmoja mmoja. Kumi na tisa walikutwa na meno mabovu wakatibiwa. Wawili walikuwa wameshakufa kwa usaha kwenye mshipa, na Tunu alikwenda kwa familia zote mbili, familia moja ikamfungulia mlango. Pua ilifundishwa karafuu, tangawizi na iliki. Daktari Mnkande alihamia Mbeya. Bi. Chausiku alistaafu, akajenga Korogwe. Merianga iliruka miaka tisa zaidi, mpaka zilipojengwa hospitali safi ardhini.

Mzee Hoza alifika miaka sabini na minane. Alikufa kwa kichomi. Mshipa ulikuwa mzima.