Kasha la Nyololo

Jumatatu, saa nne asubuhi. Iringa.

Kalinga alichora barabara kwa chaki juu ya meza ya kukatia nguo. Iringa hapa. Nyololo hapa. Mbeya kule.

"Gari la dawa linatoka kesho alfajiri," alisema. "Dereva na nesi, basi. Saa tano wako Nyololo. Tunawasimamisha, tunachukua kasha la morfini. Jioni tuko Iyunga kwa mnunuzi."

Jailos, dereva wao, alitafuna njiti ya kiberiti. "Wakikataa kusimama?"

"Nani anakataa askari?"

Wote wawili walimtazama Isihaka. Nyuma yake zilining'inia sare tatu za kaki. Isihaka alikuwa fundi wa suti za mabwana wakubwa na kanzu za mashehe. Mwaka huo, 1956, watu bado waliisifu Iringa kwa ustaarabu: maua barazani, salamu ndefu, kofia kuvuliwa njiani. Lakini walinzi walikuwa wanapigwa nondo. Maduka yanavunjwa. Watoto wa nyumba za heshima wanaokotwa mitaroni, mikono imejaa alama za sindano. Kalinga alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na jeraha pajani, na morfini haikumtoka tena. Ndiye aliyewaonjesha wengine.

"Sare nimemaliza," Isihaka alisema. "Mimi siendi."

"Unakwenda. Anayebaki ndiye anayesema."

Mke wa Isihaka, Mwantumu, aliingia na sinia la chai. Tangu mtoto wao azaliwe maiti, alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Alimpa Kalinga kikombe. Vidole vyao vikagusana. Alipotoka, ngumi yake ilikuwa imefumbwa.

Isihaka aliona. Wiki mbili alikuwa akimuuliza nani anampa morfini. Wiki mbili mkewe alilia tu.

Saa nane mchana alifunga cherehani, akatoka peke yake.

Jumanne, saa tano na robo. Nyololo.

Dereva wa gari la dawa alisimama mwenyewe, akapiga saluti. Nesi, Atuganile, ndiye aliyegoma.

"Kasha hili haliguswi. Lina lakiri."

"Shuka, dada," Kalinga alisema.

"Kuna mama anapasuliwa kesho Mbeya. Apasuliwe hivi hivi?"

Kalinga alimzaba kofi. Atuganile alianguka kwenye changarawe, kasha kalikumbatia. Jailos akamkanyaga vidole mpaka akaachia. Isihaka aligeuza uso. Alimsikia akilia hata walipokwisha kuondoka.

Saa tisa. Njiani.

Kalinga alivunja lakiri, akatoa kichupa, akajidunga pajani.

"Tulikubaliana halifunguliwi!" Jailos alifoka.

"Endesha gari."

Isihaka alikuwa kiti cha nyuma. "Mke wangu ulianza kumpa lini?"

Kalinga hakugeuka. "Alikuwa na maumivu. Wewe ulikuwa unashona."

Saa kumi na moja Landrova yao ilipita Ilomba, ikaelekea Iyunga.

Saa kumi na moja na nusu. Iyunga.

Waliingia uani kwa mnunuzi. Lango likafungwa nyuma yao. Mnunuzi alikuwa amekaa chini, kafungwa pingu. Askari wanane, wa kweli, walikuwa wameelekeza bunduki.

Jailos aliinua mikono. Kalinga aligeuka taratibu, bastola mapajani.

"Nani kasema?"

Isihaka angeweza kunyamaza.

"Mimi."

Risasi ilimwingia tumboni. Askari nao wakafyatua, Kalinga akaanguka juu ya dashibodi.

Ijumaa, saa tatu asubuhi. Mbeya.

Isihaka alikuwa hospitali, mguu mmoja umefungwa mnyororo kitandani. Daktari alisema ataishi. Kesi ingemngoja.

Mwantumu alifika kwa basi kutoka Iringa. Baridi ilikuwa kali, lakini yeye alitoka jasho. Isihaka alikuwa amengojea siku tatu kumwambia jambo moja.

"Amekufa, Mwantumu. Hatakuja tena nyumbani kwetu."

Mwantumu alimtazama askari mlangoni. Kisha akainama, midomo karibu na sikio la mumewe.

"Na lile kasha?" alinong'ona. "Hukunibakishia hata chupa moja?"