Panya Aliyekula Mkono wa Ovaroli

Kila siku akitoka shule, Bisibisi alipita nyumbani kubadili sare, akala kilichokuwepo, kisha akakimbilia gereji ya mjomba wake. Jina hilo alipewa na mafundi kwa sababu alikuwa msichana mwembamba, mrefu, na hapakuwa na upenyo asioweza kuingia. Kazi yake ilikuwa kuosha spana kwa mafuta ya taa, kuzipanga ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa, na kuuliza maswali mpaka watu wazima waombe kupumzika. Mjomba alikuwa amemwahidi kwamba likizo ikifika ataingia naye chini ya gari, akamfundishe ufundi wenyewe. Bisibisi aliihesabu ahadi hiyo kuwa mali yake.

Siku hiyo alikuta hali ya gerejini imechafuka. Redio ilikuwa imezimwa. Mafundi wawili walijifanya wanafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Bibi Mkunga alikuwa ameketi juu ya gurudumu kuukuu, mkoba mapajani, midomo kaibana. Ukimwona Bibi Mkunga kanyamaza, ujue mambo si mazuri.

Gari lake lilikuwa limeinuliwa juu ya magogo. Lilikuwa gari la zamani, la rangi ya maziwa, lenye taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka. Katika gari hilo Bibi Mkunga alikuwa amezunguka maisha yake yote ya kazi akizalisha wanawake, na nusu ya watu wa mtaa ule walipokewa na mikono yake, Mjomba akiwemo. Vipuri vyake havikutengenezwa tena popote. Kingevunjika kimoja, gari lingebaki kuwa banda la kuku.

Mjomba alitambaa kutoka chini ya gari akihema, akiburuta mtaimbo wa chuma. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa na mkono mmoja mzima na mwingine umekatikia kwenye kiwiko. Habari ya mkono ule kila mtu aliijua. Mkewe alikuwa ameishona ovaroli ile kwa mikono yake mwenyewe, na alipouliza mkono umekwenda wapi, Mjomba alijibu neno moja tu: "Panya!" Tangu hapo yule mama wa watu alikuwa ametega mitego kila kona ya nyumba, asinase hata mkia.

"Wewe! Njoo hapa!" Mjomba alifoka.

"Shikamoo, Mjomba."

"Shikamoo ya nini? Hii propela uliiangusha wapi?"

Propela ni ule mtaimbo mrefu unaolala chini ya gari, unaochukua nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye magurudumu ya nyuma. Kichwa chake kina tundu lenye meno kwa ndani. Giaboksi nayo ina mti wa chuma wenye meno kwa nje. Viwili hivyo huingiana kama mkono unavyoingia kwenye mkono wa shati. Propela ya Bibi Mkunga ilikuwa imepinda, ikapelekwa kwa fundi wa kuchomelea kunyooshwa, na aliyetumwa kuirudisha kwa mkokoteni alikuwa Bisibisi.

"Sikuiangusha, Mjomba."

"Hukuiangusha! Basi mbona inaingia nusu halafu inakwama? Asubuhi nzima nimelala chini ya gari hili nikihangaika nayo! Meno yamelala, na yamelazwa na wewe!"

"Niliifunga gunia. Pale penye mtaro niliibeba mikononi, mkokoteni nikauacha nyuma."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Lilitoka hivyo, mbele ya mafundi, mbele ya Bibi Mkunga, mbele ya watu waliokuwa wakipita barabarani. Kuna maneno ambayo mtoto huyasahau kabla ya chakula cha jioni, lakini mtoto aliyesema kweli akiitwa mwongo hasahau. Masikio ya Bisibisi yalipata moto. Alikumbuka jinsi propela ile ilivyomlemea pale mtaroni, na jinsi alivyojisemesha njiani, "Ukiiangusha umekwisha." Alitamani kulipiga teke kopo la mafuta ya taa liruke hadi barabarani.

Mjomba hakumtazama tena. "Leteni nyundo ile kubwa. Itaingia, itake isitake!"

"Usipige, Mjomba!" Bisibisi alipiga kelele. "Utapasua giaboksi!"

"Nani kakuuliza wewe? Toka! Toka gerejini kwangu, na likizo ikifika kaa kwenu!"

Bisibisi aligeuka akaenda. Alifika langoni machozi yakimtoka, na machozi yenyewe yakamwongezea hasira. Akashika komeo. Hapo yakamjia maneno aliyoyasikia gerejini mle kila siku, kutoka kinywani mwa huyu huyu Mjomba: "Chuma kikikataa kina sababu. Pima kwanza, ndipo ulaumu." Leo alikuwa amelaumu, na kupima hajapima! Bisibisi akaliachia komeo, akarudi kwa hatua nzito, akaokota kipande cha waya sakafuni.

"Napima," alisema. "Nikimaliza naondoka, na hata ukiniita siji."

"Huyu mtoto ana wazimu! Nyundo iko wapi?"

Nyundo ilikuwa sakafuni, na juu ya mpini wake ulikuwa umekanyaga mguu wa Bibi Mkunga.

"Mwache apime," alisema.

"Lakini Bibi..."

"Gari ni langu. Na wewe nilikupokea mwenyewe ukilia, naona mpaka leo hujanyamaza. Mwache mtoto apime!"

Bisibisi aliingia chini ya gari, akaupima kwa waya ule mti wa meno wa giaboksi, akaukunja waya pale mti ulipoishia. Akatoka, akainama kwenye propela iliyolala sakafuni. Kwanza alimulika tundu kwa tochi. Kisha akauingiza waya ndani. Waya ukagota mapema, kikunjo kikiwa kingali nje kabisa.

"Meno yote yamesimama," alisema. "Njoo uyaone mwenyewe, Mjomba. Lakini tundu ni fupi. Lingekuwa fupi hivi tangu zamani, gari hili lisingetembea hata siku moja."

Mjomba alichukua tochi shingo upande. Akamulika. Akapapasa meno kwa kidole. Akamulika tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, na ukali wa usoni mwake ukaanza kupungua.

"Ule weusi mle chini si chuma," alinong'ona fundi mmoja. "Ni kitu kina grisi."

Bisibisi akaipinda ncha ya waya ikawa ndoano. Akaitumbukiza, akazungusha, akavuta. Kitu kilikuwa kimebanwa sana kule chini, lakini kilikuwa laini, na kikaanza kuja. Kilitoka kitambaa cheusi kinachochuruzika grisi. Akavuta. Kikaendelea kutoka, sasa si cheusi tena bali cha buluu, na mwishoni kikatokea kifungo, bado kimefungwa kwenye tundu lake.

Macho yote yaliutazama mkono ule wa ovaroli sakafuni, kisha yakapanda polepole hadi kwenye kiwiko kitupu cha Mjomba. Fundi mmoja aligeukia ukutani, mabega yakimcheza.

"Haya, fundi," alisema Bibi Mkunga. "Huyo panya wako anajua hata kufunga vifungo?"

Mjomba aliketi chini palepale. Alikiokota kitambaa, akakitazama, akakiweka.

"Niliuchana mwenyewe," alisema. "Siku ya kuipeleka propela, nilitafuta kitambaa cha kuziba tundu ili cheche na mchanga visiingie, nikakikosa. Nikauchana mkono, nikausindilia humo kwa kidole. Mke wangu alipouliza, nikaona haya, maana alikuwa ameishona ovaroli hii hata wiki haijaisha. Nikasema panya."

"Na leo asubuhi?" Bisibisi aliuliza kwa ukali. "Hukukumbuka?"

"Sikukumbuka. Nimesema panya mara nyingi mno, mpwa wangu, mpaka nami nikawaamini hao panya."

Alisimama, akaifuta propela kwa uangalifu, akaingia nayo chini ya gari. Nyundo haikuhitajika. Iliteleza ikaingia hadi mwisho, ikagota kwa sauti ndogo, na Bibi Mkunga akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi. Mjomba akatoka tena, akasimama mbele ya Bisibisi. Sauti aliyoitoa ilikuwa kubwa ileile ya matusi, ili walioko barabarani waisikie pia.

"Nimekuita mwongo mbele za watu, na mwongo nilikuwa mimi. Nisamehe, mpwa wangu."

Bisibisi alikunja mikono kifuani. "Bado nimekasirika."

"Kasirika. Ni haki yako," alisema Mjomba. "Lakini hasira yako imepima, na yangu imetafuta nyundo. Uongo wangu ulikuwa wa kitambaa tu, nikauona mdogo, hauna hasara kwa mtu. Kumbe uliificha kweli ambayo ningeihitaji baadaye. Nilipoikosa nikatafuta wa kumlaumu, nikamwona mtoto. Nawe ukiharibu kitu, iwe nyumbani, iwe shuleni, sema siku ileile. Kweli ikisemwa mapema aibu yake ni ndogo. Ukiichelewesha, anaibeba asiyehusika."

Akamwekea spana mkononi. "Boliti za nyuma hazijakazwa. Ahadi ya likizo inaanza sasa. Ingia chini."

Bisibisi alitaka kununa kidogo zaidi, lakini spana ilikuwa mkononi. Akaingia. Alikaza boliti moja baada ya nyingine, Mjomba akimshikia tochi, na gari liliposhushwa Bibi Mkunga aliliwasha, akatoka nalo langoni bila kuaga, akipiga honi mtaa mzima.

Jua lilipopungua makali, Mjomba aliukunja ule mkono wa ovaroli, akautia mfukoni.

"Twende nyumbani kwangu, Bisibisi. Nikamwambie mke wangu ukweli."

"Na mimi nije kufanya nini?"

"Unisaidie kutegua mitego," alisema Mjomba. "Panya amekamatwa."