Mistari Minne ya Flaviana

Pampu ya kisima cha Flaviana ilikuwa kama mzee mwenye kikohozi. Ukiiwasha asubuhi inakohoa, inatema maji kidogo, kisha inanyamaza. Ikinyamaza, Flaviana na mume wake Faustini hubeba ndoo. Shamba lao la zabibu liko Makutupora, nje kidogo ya mji wa Dodoma, nalo lina mistari ishirini na sita. Mizabibu haijui habari za pampu mbovu. Inataka maji tu.

Tangu utotoni Flaviana alikuwa mtu wa kupima maji. Maji ya kuoshea vyombo yalimwagiwa miche. Maji ya kuoga hayakuzidi nusu ndoo, na mama yake alisimama nje ya bafu kusikiliza kama mtu anachezea. Labda ndiyo maana aliipenda ile kalenda.

Kalenda ilining'inia sebuleni. Walipewa na duka la pembejeo, na mwaka wake ulikwisha zamani. Faustini alipotaka kuitoa, mkewe alikataa katakata. Ilikuwa na picha ya maporomoko ya Mto Zambezi, kule Livingstone, nchini Zambia. Wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Flaviana akichambua mchele, aliyatazama maji yale mpaka akasahau mchele. Aliyasikia yakishuka. Alihisi baridi yake usoni. Siku kama hiyo nyumba nzima ilitafuna wali wenye mawe, na hakuna aliyeuliza sababu.

Faustini alikuwa amemwahidi mwaka wa harusi yao. Alisema akipata pesa, atampeleka kuyaona. Ilikuwa imepita miaka ishirini na miwili. Ahadi ni deni, na Faustini si mtu wa kulala vizuri akiwa na deni.

Mwezi wa tisa walivuna, na zabibu zilipata bei nzuri. Faustini alirudi kutoka kuuza akiwa na uso wa bwana harusi.

"Mama Rose," alisema, "mwezi ujao tunakwenda Livingstone. Kwa ndege."

Flaviana aliweka chini sufuria aliyoshika. Kisha akakumbuka pampu. Pesa hiyo ilikuwa ya pampu mpya, walikubaliana hivyo tangu mwanzo wa mwaka. Kiangazi bado kilikuwa kirefu, na mizabibu isiyopata maji hudondosha maua. Alipouliza, Faustini alijibu kwamba pampu imesubiri miaka yote hiyo, itasubiri tena kidogo.

Flaviana alijua haitasubiri. Lakini alinyamaza. Alinyamaza siku tatu nzima, kwa sababu ndoto ilikuwa tamu na aliogopa kuiharibu kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya nne walikwenda mjini kwa Hina. Hina alikuwa na ofisi ndogo ya kuuza tiketi, pembeni ya duka la vitambaa la kaka yake. Kila msimu alinunua zabibu za Flaviana, hivyo walikuwa marafiki. Aliwaagizia chai, akauliza habari za shamba na za Rose, binti yao aliyeolewa hapo hapo kijijini. Faustini akaweka bahasha ya pesa mezani. Hina hakuigusa.

"Mnakwenda kuona nini hasa?" aliuliza.

"Maji," Flaviana alisema.

"Mwezi wa kumi?"

"Ndiyo. Si ndipo tuna pesa ya mavuno?"

Hina alichukua simu yake, akatafuta picha, akawapa. Picha ilionyesha ukuta mrefu wa mawe makavu. Mbali, kwenye kona, maji yalichuruzika kidogo kama bomba lililoharibika. Mbele ya ukuta alisimama Hina mwenyewe, amenuna.

"Hapo ndipo penyewe," alisema. "Nilikwenda mwezi wa kumi. Upande wa Zambia, miezi hiyo sehemu kubwa hubaki mawe matupu. Nilisafiri kote kule kwenda kutazama majabali. Majabali hata hapa Dodoma tunayo."

Faustini alicheka, kisha akaacha kucheka. Flaviana aliitazama ile picha. Alijiona amesimama mbele ya jiwe kavu, huku nyuma yake mizabibu inakauka. Yale aliyoyaficha siku tatu yakamtoka.

"Baba Rose, hiyo bahasha ni pampu. Nilijua, nikanyamaza. Tuirudishe nyumbani."

Faustini aliinamisha kichwa. Alidhani safari imekufa. Lakini Hina alikuwa anavuta karatasi na kalamu. Aliwaeleza kwamba mto ule hujaa kwa mvua za huko unakotoka, na maji hushuka kwa nguvu kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano. Mavuno yao mengine huwa mwezi wa pili na wa tatu. Basi waende mwezi wa tano. Tena waende kwa basi. Wapitie Iringa na Mbeya, wavuke mpaka pale Tunduma, waende Lusaka, kisha Livingstone. Ni mbali na inachosha, lakini nauli yake mkulima anaiweza.

"Ningeweza kuwauzia tiketi ya ndege leo," alisema. "Ningepata faida yangu. Lakini zabibu zako nisingezila tena kwa raha."

Kisha aliwaandikia yote ya kulipia. Nauli ya kwenda. Nauli ya kurudi, ambayo watu wengi huisahau wakishaona raha. Malazi, chakula, kiingilio cha maporomoko. Chini kabisa akaandika akiba ya dharura, akaipigia mstari mara mbili. Aliwaambia wakaombe pasi za kusafiria Uhamiaji, wakiwa na vitambulisho vya taifa na vyeti vya kuzaliwa. Ada walipe kwa namba ya malipo watakayopewa, wasimpe mtu mkononi anayedai ataharakisha. Wachanje homa ya manjano na kadi yake waitunze. Viza ya matembezi Mtanzania haombi kwenda Zambia, lakini waulize tena kabla ya kuondoka, maana taratibu hubadilika.

Walipofika nyumbani, Flaviana alikwenda moja kwa moja shambani na kitambaa chekundu. Alikichana vipande vinne, akavifunga kwenye nguzo za mistari minne ya karibu na kisima.

"Hii ndiyo ya safari," alimwambia mumewe. "Pesa yake ya mavuno haya na yajayo, basi. Ikitupa nyingi, tutakula kuku. Ikitupa kidogo, tutakula viazi. Ile ishirini na miwili haisafiri."

Wiki ile ile pampu mpya ilifungwa. Haikukohoa hata mara moja. Flaviana alipomwagilia jioni alisikiliza maji yakikimbia kwenye mifereji, akafumba macho. Alikuwa Makutupora, na alikuwa Livingstone.

Mwezi wa tatu mvua kubwa ilinyesha wakati zabibu zinaiva, zikapasuka. Mistari ya vitambaa vyekundu iliumia kuliko mingine. Ilitoa nusu ya walichotegemea. Faustini alisimama kwenye mstari wa tano, uliojaa vishada, akaushika waya wake.

"Tuongeze huu mmoja," alisema. "Nani atajua?"

"Mizabibu itajua," Flaviana alisema. "Na mimi."

Lakini moyo ulimuuma sana. Alimpigia Hina simu, sauti yake ikiwa chini. Hina alimwambia asifute safari, aipunguze. Wakachukua ile karatasi tena. Siku tatu za Livingstone zikawa moja. Hoteli ikawa nyumba ya wageni ya kanisa. Flaviana akakaanga karanga na kuoka mikate ya kutosha njia nzima. Akiba ya dharura tu ndiyo haikuguswa.

Mwezi wa tano waliwaachia Rose na mumewe shamba, wakapanda basi. Pale Mtera, Flaviana aliliona bwawa likimeta, akashika mkono wa mumewe. Walilala Mbeya. Tunduma walibadilisha pesa ndani ya duka lenye leseni, ingawa vijana wa barabarani walimwita Faustini baba na kumwahidi bei ya ajabu. Usiku uliofuata walilala Lusaka, na wa tatu Livingstone. Mikate iliisha mapema, maana Faustini alikuwa anakula akidhani mkewe amesinzia.

Siku ya nne asubuhi waliyasikia maji kabla ya kuyaona. Ardhi ilinguruma chini ya viatu. Juu ya miti ulipanda moshi mweupe, na ulikuwa unalowesha. Faustini alitaka kukodi makoti ya mvua. Flaviana akasema hayako kwenye karatasi, na tena hakusafiri siku tatu kuja kujikinga na maji.

Akasonga mpaka ukingoni. Maji yalikuwa yanashuka, yanashuka, na hayakuisha. Upinde wa mvua ulikaa chini yake, karibu kuliko alivyowahi kuuona. Kanga, nywele, uso, vyote vililowa. Flaviana alilia kwa furaha, na kwa kuwa kila mtu alikuwa amelowa, hakuna aliyejua isipokuwa Faustini.

"Baba Rose," alisema, "tazama. Maji yote haya, na hakuna hata mtu mmoja aliyekinga ndoo."

Walirudi Makutupora wakiwa na uchovu na akiba ya dharura nzima, haijafunguliwa. Shamba lilikuwa bichi. Flaviana aliitoa kalenda ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Scolastika, jirani yao, alikuja kusikia habari, akakaa mpaka chai ikapoa. Aliuliza ya pasi, ya miezi, ya karatasi ya Hina. Flaviana alimweleza yote bila kuruka kitu.

Wiki iliyofuata, kwenye shamba la Scolastika, mistari miwili ilikuwa na vitambaa vyekundu. Flaviana aliviona akiwa anamwagilia. Hakuuliza jirani yake anakwenda wapi. Alitabasamu, akafungulia maji mstari wa kwanza.