Mtandio Kwenye Tundu la Bafu

Jumanne ya kwanza baada ya Idi ndiyo siku mambo yalipomharibikia Kerrow. Wakubwa wa maji, waliokuwa wamewakausha watu wa Garissa wiki nzima, waliyafungulia kwa pupa, na paipu ya bafu lake ikapasuka. Aliingia Soko Mugdi kanzu imemgandia mwilini.

"Walaal, ndugu yangu, umeogelea mtoni na nguo?" akauliza Ramlo, mwenye duka la vifaa, aliyejitanda mtandio wa rangi ya zafarani. Macho yake yalicheka kabla ya midomo.

"Waulize wakubwa. Wao hawalowi."

Akamuuzia elbo ya kuungia paipu na tepu nyeupe ya kuzuia uvujaji, akampa na namba yake. Tangu hapo simu haikupoa.

"Zungusha tepu polepole, Kerrow. Hufungi ngamia."

"Imeshika, abaayo, dada yangu! Hakuna hata tone!"

"Na ukuta?"

"Una ukungu mweusi. Rangi inabambuka."

"Basi hakuna hewa. Tundu la juu je?"

"Nimeliziba kwa mtandio wa mke wangu."

"Kumbe una mke! Basi akushikie ngazi."

Simu ikakatika. Akapiga tena na tena. Ikaita mpaka ikachoka. Mwishowe alikwenda dukani, akasimama mbele ya wateja, kofia mkononi.

"Arbia yuko makaburini, Ramlo. Uchungu wa uzazi ulimshika, gari likakwama kwenye ile barabara wanayotuahidi kila uchaguzi. Alizoea kufukiza uunsi, ubani wetu, bafuni. Nilipotoka kumzika, nikaziba tundu ili harufu yake isitoke."

Ramlo akainamisha uso. "Bado unaisikia?"

"Nasikia ukungu tu."

"Basi zibua."

"Kwa ajili ya ukuta?"

"Kwa ajili yako, wewe mkaidi."

Jioni hiyo alipanda ngazi, simu sikioni, akauvuta mtandio. Upepo wa Tana ukaingia, mwanga wa dhahabu ukamwagika kwenye vigae, na kwa pumzi moja tu uunsi wa Arbia ukampapasa uso, ukaenda zake. Akaukunja mtandio, akauweka kifuani.

"Kerrow? Uko hapo?"

"Niko. Upepo unapita." Akashuka ngazi. "Ramlo, nikipaka rangi upya, nikatuma wazee kwa baba yako, utakuja kufukiza uunsi wako humu?"